Mtoto anapojitafuta: mwongozo kwa familia za Bunia

Mtoto wa miaka 14 anavua sketi ya bluu ya shule mara tu anapoingia kwenye parsele, kabla hata ya kusalimia. Mwingine, mvulana, dada yake anamkuta akijipaka rangi kucha, na usiku uleule habari inafika kwa shangazi. Wa tatu hasemi kitu. Anakataa tu kuitika jina lake. Haya hutokea Mudzipela, Nyakasanza na Lumumba kama yanavyotokea kwingineko duniani, na mzazi hubaki na maswali mawili: mtoto wangu ana nini, na nifanye nini kabla majirani hawajajua?

Mwongozo huu unajibu zaidi swali la pili. Haumdai mzazi abadili dini yake wala ajue kila kitu kwa siku moja. Unamwomba jambo moja tu: mtoto abaki nyumbani, awe salama, ale, asome, na aendelee kuongea nawe kwa muda wote atakaohitaji kujielewa. Mengine yanaweza kungoja.

Tunazungumzia nini hasa?

Mtoto akizaliwa, mkunga huangalia mwili na kusema ni wa kike au wa kiume, na hivyo ndivyo anavyoandikwa kwenye cheti. Walio wengi hukua bila kulifikiria tena jambo hilo. Wachache hujihisi ndani yao kuwa ni wa jinsia nyingine, au kwamba hakuna kati ya hizo mbili inayowaeleza sawasawa. Kujihisi huko ndiko wataalamu wanakokuita utambulisho wa kijinsia. Ili usimhukumu mtoto kimakosa, tenganisha mambo manne ambayo watu huyachanganya:

1. Tabia na mavazi. Msichana anayependa mpira na suruali, au mvulana anayependa kupika na kusuka, hajasema lolote kuhusu jinsia yake. Wengi ndivyo walivyo tu.

2. Mapenzi. Mtu anavutiwa na nani ni jambo jingine kabisa na yeye anajiona nani. Usiruke kutoka hili kwenda lile.

3. Maumbile. Wapo watoto wanaozaliwa na viungo au homoni zisizoangukia wazi upande wa kike wala wa kiume. Kiswahili kinawaita huntha. Kenya iliwahesabu katika sensa ya mwaka 2019, ikapata 1,524, na Sheria yake ya Watoto ya mwaka 2022 inawatambua. Mtoto wa namna hii apelekwe kwa daktari, lakini asiharakishwe kwenye kisu. Mwaka 2023 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilizitaka nchi zikomeshe upasuaji wa viungo vya siri unaofanywa bila ridhaa ya mwenyewe.

4. Utambulisho wenyewe. Huu hauonekani kwa macho. Utaujua pale tu mtoto atakapokuambia, na atakuambia akiona kuwa hapigwi kwa kusema.

Je, ni ugonjwa? Mwezi Mei 2019 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha orodha mpya ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Orodha hiyo iliuondoa utambulisho unaotofautiana na jinsia ya kuzaliwa kwenye sura ya magonjwa ya akili. Inaonya pia kwamba tabia na mapendeleo peke yake hayatoshi kumfanya daktari aseme mtoto ana hali hiyo.

Je, ni kitu cha Wazungu? J. H. Driberg, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Uganda, alichapisha mwaka 1923 kitabu kuhusu Walango, watu ambao lugha yao ni jamaa ya Kialuri cha Mahagi. Humo aliandika juu ya watu waliozaliwa wanaume wakaishi kama wanawake. Walango walikuwa na jina lao la kuwaitia, mudoko dako, na liko katika lugha yao wenyewe.

Je, itapita? Kwa watoto wengine hupita, kwa wengine hudumu hadi utu uzima, na hakuna kipimo cha damu wala cha maombi kinachoweza kukuambia leo wako yuko upande gani. Kwa hiyo usimlazimishe arudi, wala usimsukume atangaze lolote. Kazi yako ni kumpa nafasi.

Akikuambia kwa mara ya kwanza

Mara nyingi mtoto huchagua wakati ambao hamtazamani usoni: mnachambua mchele, mnafua, mnatoka kanisani kwa miguu. Haya ni mazungumzo ya mfano, mama na mtoto wake wa miaka 15:

— Mama, mimi sijisikii msichana.
— Asante kwa kuniambia. Umekaa na jambo hili tangu lini?
— Tangu darasa la saba.
— Na nani mwingine anajua?
— Yaya peke yake.
— Haya. Sijaelewa vizuri bado, mwanangu, lakini wewe ni mtoto wangu na hapa ni kwako. Hatufukuzi mtu. Kwa baba tutaenda pamoja, siku utakapokuwa tayari.

Huyu mama hajakubali wala kukataa chochote. Ameshukuru, ameuliza maswali mawili ya usalama, amekiri kuwa hajaelewa, na ametoa ahadi anayoweza kuitimiza. Kwa jioni moja hiyo inatosha.

Maswali yanayofunga mlango ni haya: “Nani amekufundisha?” “Umeshalala na nani?” “Unataka watu waseme nini juu yetu?” Usimpokonye simu uikague, wala usiitishe kikao cha ukoo kesho yake. Kikao cha ukoo ni chombo kizuri cha kuamua mahari na urithi. Mtoto wa miaka 15 akikaa katikati ya wajomba kumi atasema lolote wanalotaka kusikia, kisha hatasema tena.

Kama ulishashtuka ukapiga kelele, bado unaweza kurudi: “Jana nilishtuka, nikasema maneno makali. Leo nataka kukusikiliza.” Watoto husamehe haraka wakiona mzazi amerudi mwenyewe.

Na kama unajua kuwa baba, kaka mkubwa au mjomba ni mtu wa mkono mwepesi, usimwambie kwanza. Tafuta mtu mmoja ambaye mkali huyo humsikiliza: mara nyingi ni bibi, shangazi au rafiki yake wa siku nyingi. Huyo ndiye atakayemwandaa.

Maisha ya kila siku nyumbani

Kwanza, jina. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwaangalia vijana waliotumia jina walilojichagulia. Kadiri jina hilo lilivyotumika mahali pengi zaidi, nyumbani, shuleni, kazini na kwa marafiki, ndivyo huzuni na mawazo ya kujiua yalivyopungua. Hapa kwetu si lazima uende mahakamani ili ujaribu. Majina kama Amani huitwa wavulana na wasichana pia. Majina mengi ya mababu hayana jinsia, tofauti na majina ya ubatizo. Mwite mtoto kwa jina ambalo halimchomi, hata kama ni ndani ya nyumba tu, na mbele ya wageni mkubaliane mtatumia lipi.

Pili, nguo na nywele. Anza na vitu visivyovuta macho: fulana pana, nywele zilizokatwa fupi, suruali ya michezo baada ya shule. Kwa mvulana mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mtaa humsamehe msichana mwenye suruali lakini haumsamehe mvulana mwenye gauni. Mweleze wazi kwamba kumzuia asitoke barabarani akiwa amevaa hivyo ni kumkinga na vijana wa kona, na kwamba chumbani kwake hamna adhabu. Kijana anaielewa tofauti hiyo ukimwambia kwa heshima.

Tatu, kazi za nyumba. Kuosha vyombo, kuteka maji na kupasua kuni ni kazi za kila mtoto. Ukiacha kuzigawa kwa jinsia, umeondoa nusu ya magomvi bila kutoa hotuba yoyote.

Nne, siri. Katika parsele yenye nyumba tatu, bomba moja na choo kimoja, neno lililosemwa asubuhi limefika sokoni saa sita. Kanuni iwe moja: habari ni ya mtoto. Humwambii mtu, hata pasta, hata dada yako aliye Kampala, kabla hujamuuliza: “Naweza kumwambia fulani? Nimwambie nini?” Wadogo zake waambiwe kinachowatosha: “Ndugu yenu hachekwi, na mambo ya nyumbani hayatoki nje.”

Tano, wazee. Atatokea babu wa kusema samaki mkunje angali mbichi. Mjibu kwa upole kwamba methali hiyo ni ya adabu, na mtoto huyu adabu anayo: anasalimia, anasaidia, anasoma. Kinachomsumbua hakikunjwi kwa fimbo.

Mambo matatu ya kuacha kabisa

La kwanza ni kipigo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inawapa wazazi wajibu wa kuwatunza watoto na kuwalinda dhidi ya kila ukatili, ndani ya nyumba na nje yake. Kifungu hichohicho kinasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajafika miaka 18, bila kutofautisha jinsia.

La pili ni kumfukuza. Kwingine mtoto aliyefukuzwa anaweza kulala kwa rafiki. Hapa sivyo: Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Makundi yenye silaha yamewaingiza watoto katika safu zao, na maelfu ya watu waliokimbia vijiji wanaishi kwenye kambi kama Kigonze, pembeni mwa mji. Mtoto anayetupwa nje anaangukia kwenye hali hiyo, mikononi mwa yeyote atakayempa chakula na mahali pa kulala. Mzazi anayetaka “kumpa funzo” kwa wiki moja huenda asimpate tena.

La tatu ni maombi ya kumtoa pepo: mtoto kufungiwa kwenye chumba cha maombi, kulazimishwa kufunga kwa siku nyingi, kupigwa au kumwagiwa vitu machoni. Familia nyingi huenda huko kwa nia njema, zimeishiwa pa kwenda. Lakini Katiba inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, inaadhibu shutuma hiyo kwa kifungo. Mhubiri anayesema mtoto ana roho ya uchawi kwa sababu ya namna anavyovaa anaweza kushtakiwa.

Hili halina maana kwamba dini haina nafasi. Parokia za Kikatoliki, makanisa ya CECA 20, Waanglikana na misikiti ya Bunia ndiyo milango ya kwanza ambayo familia hubisha. Kiongozi wa dini anaweza kushika mafundisho yake yote na bado akafanya mambo manne: asikilize faraghani, asimtaje mtoto kwenye mahubiri hata kwa mafumbo, awakataze wazazi kumfukuza, na amwombee bila kumshika wala kumfunga. Kama pasta wako hawezi hayo, mshukuru na utafute mwingine.

Kwa nini tunakazia mambo haya matatu? Watafiti wa San Francisco State University walichapisha mwaka 2009 matokeo yao kuhusu vijana wanaovutiwa na watu wa jinsia yao. Waliokataliwa sana na familia walipokuwa wadogo walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara nane wa kuwa wamejaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao familia hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo. Vijana wale hawakuwa wa hapa kwetu, wala suala lao halikuwa hili hasa, lakini mlango waliofungiwa ulikuwa uleule: wa nyumbani.

Shuleni

Sare yetu ni nyeupe na bluu, suruali kwa wavulana na sketi kwa wasichana, na prefe hana mamlaka ya kuifuta. Lakini shule ina nafasi nyingi ndogo za kupumulia. Mzazi asiende ofisini na hotuba. Achague mwalimu mmoja anayeaminika na aombe vitu vinavyoweza kufanyika kesho:

Choo. Hapa ndipo watoto hawa hupigwa na kuvuliwa nguo. Omba aruhusiwe kutoka wakati wa somo, choo kikiwa hakina mtu, au atumie choo cha walimu. Mtoto asiyekwenda choo tangu asubuhi hadi saa saba anajiumiza kibofu, na akiacha kunywa maji ili asihitaji choo anaumwa kichwa darasani.

Jina. Mwalimu anaweza kumwita kwa jina la ukoo badala ya jina la ubatizo. Hakuna karatasi inayohitajika.

Michezo. Aruhusiwe kuvaa nguo za michezo kutoka nyumbani ili asibadilishe mbele ya wengine.

Kejeli. Mwalimu akisikia tusi, alikate palepale kama anavyokata tusi la kabila. Bunia inajua vizuri neno la kejeli likiachwa linaishia wapi.

Kwa mwalimu mwenyewe: mwanafunzi akikueleza, usikimbilie kuwaita wazazi. Muulize kwanza, “Nyumbani wakijua, utakuwa salama?” Akisema hapana, mwamini.

Kuhusu vyeti, fahamu kuwa jina na jinsia kwenye karatasi za mtihani wa mwisho wa msingi na Examen d’État hufuata zile za shule na za état civil. Kijana asijiandikie mwenyewe jina jipya kwenye fomu, atapoteza mwaka. Nchini Kenya, Audrey Mbugua, mwanamke aliyezaliwa akaandikwa wa kiume, alilazimika kulishtaki baraza la mitihani. Tarehe 7 Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru cheti chake cha sekondari kitolewe upya kwa jina lake jipya na bila alama ya jinsia. Alikwenda mahakamani akiwa mtu mzima, na masomo yake alikuwa ameshayamaliza. Mfuatano huo ni mzuri: kwanza diploma, karatasi baadaye.

Mwili na afya

Balehe ndiyo wakati mgumu kuliko wote. Matiti, hedhi, ndevu au sauti nzito vinaweza kumtia kijana uchungu ambao hawezi kuueleza. Mambo mawili ya hatari hufanyika kimya kimya.

La kwanza ni kufunga kifua. Wengine hutumia bandeji ya hospitali au kitambaa cha pagne kilichokazwa kwa fundo mgongoni. Bandeji ya kuvutika huzidi kukaza kadiri mtu anavyopumua, huumiza mbavu na kubana pumzi. Kama anafunga, mwambie asitumie bandeji, asilale nayo, asiivae kwenye michezo, na aivue baada ya saa chache. Singlendi ya kubana na shati pana juu yake vinatosha kwa shule.

La pili ni dawa za kununua. Kila kona ya mji ina famasi, na vidonge vya kuzuia mimba huuzwa bila maswali. Kijana anayevimeza kwa wingi ili mwili ulainike anajiweka kwenye hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu au mapafu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akikosa pumzi ghafla, ni hospitali siku hiyohiyo, na daktari aambiwe ukweli kuhusu vidonge. Kwa mtoto ambaye hata hajaanza balehe hakuna dawa ya kutafuta wala ya kuogopa. Anachohitaji ni nafasi na kusikilizwa.

Kisha kuna moyo. Jihadhari akiacha kula, akigawa vitu vyake anavyovipenda, akijikata ngozi, au akisema “mngekuwa na amani bila mimi.” Muulize waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Swali hilo halimtii wazo, humfungulia mdomo. Usimwache peke yake. Toa nyumbani sumu ya panya, dawa za shamba na mabaki ya vidonge, kisha umpeleke kwenye kituo cha afya na uombe kumwona msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, anayejulikana kwa jina la APS. Si lazima umweleze kila kitu siku ya kwanza. “Mtoto wangu amekata tamaa” ni sababu tosha.

Kama amebakwa, wa kike au wa kiume, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba ndani ya siku tano. Asioge, asifue nguo, aende hospitali. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inamlinda aliyebakwa awe wa jinsia yoyote.

Simu

Watoto wengi hujifunza mambo haya kwenye simu, na humo ndimo wanamokutana na watu wawili: rafiki wa kweli aliye mbali, na mwindaji. Mwindaji huanza kwa sifa, huomba picha, kisha husema: tuma pesa kwa M-Pesa la sivyo nawaambia wazazi wako. Silaha yake ni siri, na inaisha nguvu siku mzazi anapojua kutoka kwa mtoto mwenyewe. Mwambie mapema: “Mtu akikutisha kwa jambo lolote, njoo kwangu, sitauliza picha ilikuwa ya nini.” Msilipe, msifute ujumbe, hifadhini namba, na mwoneni avoka kabla ya kwenda polisi. Mkutano wa kwanza na rafiki wa mtandaoni uwe mchana, mahali penye watu, na ndugu mmoja ajue.

Sheria inasema nini

Kanuni ya adhabu ya Kongo haina kosa la kuwa na utambulisho tofauti wa kijinsia, wala haitaji mapenzi ya jinsia moja. Miswada iliyopelekwa bungeni mwaka 2010 na 2013 kuyafanya kosa haikupita. Hata hivyo kifungu cha 176, kuhusu matendo yanayoenda kinyume cha maadili ya hadharani, kimetumiwa kuwakamata watu, na mwaka 2024 waziri wa sheria aliwataka waendesha mashtaka wachukue hatua. Ndoa, kwa kifungu cha 40 cha Katiba, ni ya mwanamume na mwanamke. Kubadili jina kunaombwa kwa mahakama ya amani kwa sababu ya msingi, chini ya Kanuni ya Familia. Utaratibu wa kubadili jinsia kwenye cheti haupo.

Kwa upande wa ulinzi, kifungu cha 16 cha Katiba kinasema mwili na utu wa binadamu ni vitakatifu, na cha 31 kinalinda maisha ya faragha. Tume ya Afrika, katika azimio namba 275 lililopitishwa Luanda mwaka 2014, ilizitaka nchi zikomeshe ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya utambulisho wao.

Tahadhari kwa wanaovuka kwenda Uganda kupitia Kasenyi au Mahagi kwa masomo, matibabu au biashara: sheria ya huko iliyosainiwa mwezi Mei 2023 ni kali mno. Inaadhibu mapenzi ya jinsia moja kwa kifungo cha maisha, na hata kwa kifo katika hali fulani. Kuvaa tofauti si kosa ndani yake, lakini mavazi yanatosha kumtia mtu mashakani mbele ya polisi. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliondoa vipengele vichache, kikiwemo kile kilichowalazimisha watu kuwaripoti wenzao, lakini sheria ilibaki. Kabla ya safari, angalia mavazi, na futa kwenye simu mazungumzo na picha zinazoweza kuleta balaa.

Kwako wewe kijana

Huna deni la kumwambia kila mtu. Chagua mtu mmoja. Mpime kwanza kwa habari ya mtu mwingine, kwenye redio au filamu, usikie anasemaje. Usimwambie mtu usiku, wala siku ambayo ugomvi unawaka, wala kabla hujajua utalala wapi mambo yakiharibika. Kariri namba mbili za simu kichwani. Na kama leo unajiona hivi na mwakani ukajiona vingine, hujamdanganya mtu. Miaka hii ni ya kujifunza wewe ni nani, na unaruhusiwa kuchelewa.

Pa kuanzia ukikwama

Bunia haina kliniki maalumu ya jambo hili, lakini ina watu waliozoea kutunza siri nzito. Kituo cha Karibuni wa Mama, cha shirika la SOFEPADI lililoanzishwa na wanawake mjini hapa mwaka 2000, kimehudumia manusura wa ukatili wa kingono kwa miaka mingi. Hospitali Kuu ya Rufaa na Centre Médical Évangélique zina madaktari. Divisheni ya Mambo ya Jamii, DIVAS, ina wafanyakazi wanaoweza kumtafutia mtoto familia ya kumpokea kwa muda, na polisi wana kikosi cha kulinda watoto. Kwa mambo ya haki za watu hawa hasa, yapo mashirika ya mashariki mwa nchi kama Rainbow Sunrise Mapambazuko, lililoanzia Bukavu.

Usimpeleke mtoto kabla hujaenda mwenyewe. Nenda peke yako, usitaje jina, na sema: “Kuna kijana katika ukoo wetu, amezaliwa msichana lakini anajiona mvulana. Akija hapa, mtampokeaje, na nani atasoma faili lake?” Ukiona anacheka, anaita mwenzake asikie, au anaanza kuhubiri, aga na uondoke, mtoto hajadhurika. Akivuta kiti, akafunga mlango na kuuliza kijana anaendeleaje, omba jina lake na siku anazofanya kazi, kisha rudi nyumbani umuulize mtoto kama yuko tayari kwenda.